Rafiki Yako Akitolewa Kazini na Maumivu: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Lamu

Kuunda jahazi ni kazi ya kuinama. Anayechonga taruma, yaani mbavu za chombo, hulikanyaga gogo, akakunja mgongo, akavuta tezo, shoka lake la kuchongea, kuelekea nyayo zake mwenyewe. Anayekalafati huingia chini ya ubavu wa chombo, akachuchumaa mkono ukiwa juu ya kichwa, akashindilia pamba iliyolowa mafuta baina ya mbao mbili, kisha akasogea kidogo, akashindilia tena. Hapa kwetu, na Matondoni hasa, wapo waliofanya hivyo tangu walipobaleghe. Kisha mgongo unagoma. Fundi anapumzika wiki, anarudi, unagoma tena. Miezi inapita. Mwishowe tezo inatiwa mvunguni na hakuna mtu nyumbani anayeitaja.

Mwongozo huu si wake yeye. Ni wako wewe rafiki, jirani, au mtu mliyesoma naye chuoni. Nimeuandika nikimfikiria fundi wa majahazi kwa sababu ndiye ninayemjua kwa karibu, ila mchonga milango, nahodha, mpishi wa hoteli ya Shela na mchimba mawe wa Manda shida yao ni hiyo hiyo. Na nikwambie mapema ili usije ukajichosha bure: hutamponya. Maumivu yamemtoa kazini, na kazi yako ni kuhakikisha hayamtoi barazani pia.

1. Fahamu kwanza kinachomsumbua

Madaktari huyaita maumivu sugu yanapoendelea au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Hapo hayawi tena ishara ya jeraha peke yake. Jeraha laweza kuwa limepona zamani, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vimezoea kutoa habari ya hatari na haviachi. Ndiyo sababu mtu hupigwa eksirei, picha ikatoka safi, naye bado hawezi kuinuka mkekani bila kushikilia ukuta. Kinyume chake pia kipo: wako watu ambao picha zao zinaonyesha uti wa mgongo uliochakaa, nao wanabeba magunia. Kwa hiyo picha isifanywe hakimu wa nani anaumwa na nani anajifanya.

Wala si balaa lililomshukia yeye tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna ugonjwa mwingine unaowalemaza watu wengi kuliko huo. Mwambie hivyo. Mtu aliyekwisha kuambiwa ana jini, au amepigwa kijicho kwa sababu ya chombo kikubwa alichokiunda, hupata nafuu ya moyo akijua kwamba hali yake ina jina na ina wenzake.

Kitu cha mwisho katika hili ni kwamba maumivu sugu hupanda na kushuka. Leo anatembea hadi uwanja wa Mkunguni mjini, kesho hawezi kuvaa kikoi peke yake. Usipolielewa hili, hatua zote zinazofuata zitakushinda.

2. Muamini bila kumdai ushahidi

Nimewasikia watu barazani, tena watu wema, wakimwambia mgonjwa: "Jana si nilikuona sokoni?" Hawana nia mbaya. Lakini mwenye kuulizwa hivyo mara tatu haendi tena sokoni, maana amejifunza kwamba kila siku njema itatumiwa kama ushahidi dhidi yake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Yaache pia haya: "Jikaze, wewe mwanamume." "Fulani alikuwa hivyo hivyo, akanywa dawa fulani akapona." "Hebu jaribu kutembea tembea." Na "Utapona tu, inshallah" inayosemwa haraka ili mazungumzo yaishe. Dua ni njema, lakini si ya kumnyamazishia mtu.

Badala yake muulize swali linalojibika. "Uko hali gani?" hujibiwa "Alhamdulillah" hata na anayelia ndani, ndivyo tulivyolelewa. Muulize, "Leo ni siku ya kukaa au ya kulala?" Akisema ya kulala, kaa karibu na kitanda, zungumzeni habari za chombo kilichoshushwa majini wiki hii, au nyamazeni. Akisema ya kukaa, tokeni nje. Mimi na rafiki yangu tuna ishara: akinyanyua vidole viwili, basi maongezi yaishe, mimi naaga bila kuuliza sababu, na wageni wengine naondoka nao.

3. Weka siku, usingoje huruma

Mwezi wa kwanza nyumba hujaa watu. Mwezi wa sita hakuna anayepiga hodi. Hili ndilo jambo linaloumiza kuliko mgongo wenyewe, na dawa yake ni ratiba. Chagua siku mbili za wiki na saa moja isiyobadilika. Baada ya alasiri ni pazuri, kwa sababu wengi wenye maumivu ya mgongo huamka wamekakamaa, na asubuhi ndiyo saa yao mbaya. Mwambie, "Jumatatu na Alhamisi nitakuja. Usiponitaka, nitakunywa kahawa na vijana wako nijiondokee." Hapo hana deni la kukualika, wala haya ya kukukatalia.

Sasa kuhusu baraza lenyewe. Baraza za Lamu ni za mawe na chokaa, chini, ngumu, hazina pa kuegemea. Kwa mtu mwenye kiuno kibovu hiyo ni adhabu, naye hatasema. Ataanza tu kutoonekana. Tafuta kiti chenye mgongo ulionyooka na urefu wa kumfaa, kile ambacho akikaa magoti yanakuwa sawa na kiuno. Kiwekwe pale pale kila siku, hata asipokuja, na asikikalie kijana. Mto mmoja wa pamba uwe juu yake. Na mwenye kuanzisha mchezo wa bao au dhumna asogeze meza kwake, asimwite yeye asogee.

Msikitini ni hivyo hivyo. Nimeona watu wakiacha swala ya jamaa kwa sababu hawawezi kusujudu na wanaona haya kukaa kwenye kiti mbele ya wazee. Mkumbushe hadithi ya Imran bin Husayn, aliyekuwa mgonjwa akamuuliza Mtume (s.a.w.) namna ya kuswali, akaambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kisha usiishie kwenye hadithi. Nenda kazungumze na imamu, kiti kiwekwe mwisho wa safu karibu na mlango, na siku ya kwanza mwende pamoja, wewe uswali ubavuni pake.

Kwenye arusi na maziko, mpe kazi inayomstahi: kupokea wageni, kushika daftari la michango. Usimpe viti abebe, na usimwache bila kazi.

4. Safari ya hospitali ipangwe kwa maji

Hospitali ya rufaa ya kaunti, ile tunayoiita King Fahd, ndipo pa kuanzia. Lakini mara nyingine atapewa barua ya kwenda Malindi au Mombasa, na hapo ndipo rafiki anapoonyesha thamani yake, kwa sababu safari yenyewe yaweza kumlaza wiki nzima.

Anza na boti ya kwenda Mokowe. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ngazi za gatini huwa ndefu na zina utelezi, na chombo kinakaa chini sana. Mwenye afya ataruka. Mgonjwa wa mgongo hawezi. Tazama maji usiku uliotangulia, na ikiwezekana mvuke yakiwa yamejaa, wakati ubavu wa boti umekaribiana na gati na mtu anaingia kwa hatua moja. Mwambie nahodha mapema kwamba una mgonjwa, amtengee nafasi nyuma karibu naye, si omoni, mbele kwenye kupigwa na mawimbi. Asisafirishwe kwa punda hadi gatini hata kama ni karibu, mtikisiko wake ni mbaya. Afadhali mwende polepole kwa miguu mkipumzika kila baraza.

Kwenye basi, kata tiketi mapema upate kiti cha kati ya magurudumu, si cha nyuma kabisa. Mpe kanga iliyokunjwa aiweke nyuma ya kiuno. Basi likisimama, Minjila au Garsen, mshushe atembee hata kama hataki.

Kwa daktari, mgonjwa mwenye adabu husema "naumwa mgongo" akanyamaza. Wewe nenda na karatasi mliyoiandika pamoja nyumbani: yalianza lini, yanashuka mguuni au hayashuki, anaweza kukaa dakika ngapi, anaamka mara ngapi usiku, dawa gani anatumia na kwa wingi gani, na kazi gani hawezi tena. Hilo la mwisho lina uzito. "Siwezi kuinua ndoo ya maji" humweleza daktari zaidi ya "yananiuma sana". Ulizeni pia kuhusu mazoezi ya viungo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa, baadhi ya tiba za mikono kama kukandwa, na tiba ya mazungumzo. Mikanda ya kufunga kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine unashauri zisitumiwe kama kawaida. Mikanda inauzwa kila mahali, nayo ni ghali.

Zipo dalili ambazo hazingoji miadi wala mchana: akishindwa kuzuia haja, au mkojo ukamkwama, akipata ganzi sehemu za siri na upande wa ndani wa mapaja, mguu ukipoteza nguvu ghafla, mgongo ukiuma pamoja na homa, au maumivu makali baada ya kuanguka. Tafuta boti usiku huo huo. Akikonda bila sababu na kutoka jasho la usiku, aende kupimwa bila kuchelewa, kwani kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia.

5. Dawa za dukani na tiba za nyumbani

Kaa naye siku moja mmwage dawa zote juu ya mkeka. Utashangaa. Utakuta diclofenac iliyonunuliwa duka hili na ibuprofen ya duka lile, zote ni za ukoo mmoja, na zikinywewa pamoja kwa muda mrefu huchimba vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Paracetamol mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengi hawajui kwamba imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Tramadol, dawa kali ya maumivu, isinunuliwe kwa mlango wa nyuma. Pwani tumezika vijana wa kutosha kwa unga wa kulevya, na njia ya kufikia huko mara nyingine huanzia kwenye kidonge cha kupoza maumivu.

Kukanda kwa maji moto hakuna ubaya, mradi ujaribu joto kwa mkono wako kwanza. Kukandwa na mkandaji anayejua, sawa. Hijama, yaani kuumikwa, akitaka, iwe kwa wembe mpya. Anayesomewa au kunywa kombe, maji yaliyooshewa aya za Qur'ani, aachwe, moyo nao una haki yake, ila mwombe asiache dawa ya hospitali kwa ajili hiyo. Kitu kimoja nakikataa bila adabu: mtu kukanyagwa mgongo au kuvunjwavunjwa kiuno na mtu yeyote mwenye mikono yenye nguvu na sifa za mtaani.

Na Ramadhani? Dawa nyingi za ukoo wa diclofenac hazifai tumbo tupu. Muulizeni daktari kabla ya mwezi kuandama kama zaweza kunywewa baada ya futari na daku. Ikiwa haiwezekani, mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na asiyetarajia kupona hutoa fidya. Swali hilo alipeleke kwa sheikh wake akiwa na jibu la daktari mkononi.

Kosa la siku njema nalo lapasa lisemwe. Akiamka mwepesi, atataka kusogeza kabati, kupaka chokaa ukuta na kumtembelea shangazi, vyote siku hiyo. Kesho yake analipa. Msaidieni kupima: kazi kwa dakika 20, kisha alale au anyooke, hata kama bado hajachoka. Kupumzika ukishaumwa ni kuchelewa. Lakini pia asilale siku nzima, mwili usiotembea hukakamaa zaidi.

6. Pesa, bila kumvunja uso

Mtu aliyezoea kulipa hapendi kupewa. Usimwekee noti mkononi mbele ya watoto wake. Nenda dukani kwa mwenye daftari, lipa sehemu ya deni, mwambie asimtaje mlipaji. Lipa karo moja kwa moja shuleni. Ukiwa na zaka, fahamu kwamba fukara na mwenye madeni wote wametajwa katika Qur'ani kuwa miongoni mwa wanaostahiki, na masheikh wengi husema huna haja ya kumwambia kuwa ni zaka. Mchango wa kikundi uwe mdogo na wa kila mwezi, si mkubwa wa mara moja wenye hotuba.

Makaratasi ndiyo yanayosahaulika. Hakikisha amesajiliwa SHA, mamlaka ya afya ya jamii ya Kenya iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Asiye na mshahara hupimwa hali yake ya maisha, na mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, unaolipwa wa mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Hiyo ndiyo zawadi nzuri ambayo watu sita wanaweza kumpa bila kuumia.

Kama alikuwa ameajiriwa na aliumia kazini, ipo sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa majeraha ya kazini, na madai hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Wengi hungoja wapone kwanza, muda ukawapita. Aliyekuwa akichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, aulize mafao ya kutojiweza. Na ikiwa hali imekuwa ya kudumu, afanyiwe tathmini katika hospitali ya serikali inayotambuliwa, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wapo watakaokataa neno ulemavu. Usimlazimishe. Mwachie fomu, urudi kwake mwezi ujao.

Ukimsindikiza ofisini, chukua kiti chake kwanza, ndipo uchukue nambari ya foleni.

7. Ufundi haukuumwa

Hapa nitakawia, maana ndipo urafiki wa kweli unapoonekana. Fundi aliyeacha tezo bado anajua mti upi una mpindo wa kufaa taruma na upi utapasuka. Akitazama mkuku, uti wa chombo, uliolazwa mchangani anaona kasoro ambayo kijana ataiona siku chombo kitakapovuja. Ujuzi huo umo kichwani, haukukaa kiunoni.

Usimharakishe, lakini. Miezi ya mwanzo mtu huomboleza kazi yake, na kumwambia "si uuze vocha" ni kumtukana. Ngoja mpaka yeye mwenyewe aanze kuulizia habari za vyombo. Siku hiyo mchukue mkaangalie kazi, mkiwa na kile kiti. Asipewe chochote cha kushika. Atanyamaza, kisha atasema, "Ubao ule wa tatu umekazwa ukiwa mbichi." Mwenye chombo akisikia hivyo, biashara imeanza.

Biashara gani? Kukagua chombo kabla ya mtu kukinunua. Kuchagua mbao na kukadiria gharama. Kusimamia ukarabati kwa muda mfupi kila siku, saa ambazo mgongo haumsumbui. Kufundisha vijana, kwa ada. Neno ada nalisisitiza. Watu watamjia wakisema "Ami, swali dogo tu", kwa kuwa wanaona amekaa hana la kufanya. Hapo rafiki ndiye wa kusema kwa sauti, yeye mwenyewe hataweza: "Fundi hukagua kwa bei kadha." Patana naye bei hiyo kabla. Vidau vidogo vya mapambo vinavyouzwa kwa watalii wengine huvipendekeza. Vinafaa kwa baadhi, lakini kumbuka kuchonga kidau ni kuinamia meza kutwa, na anayeumwa shingo atajuta.

8. Moyo wake, na mkewe

Maumivu ya muda mrefu na huzuni nzito huenda pamoja. Akiacha kula, akiacha kuoga, akigawa vifaa vyake, au akisema "mngepumzika bila mimi", usimjibu kwa mawaidha. Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zitolewe chumbani, na apelekwe hospitali. Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya bure ya ushauri, 1199. Familia zikihofia polisi, zijue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa jaribio la kujiua kunakwenda kinyume cha Katiba.

Mkewe naye amechoka, na hakuna anayemuuliza. Hilo si la wewe mwanamume kuingia jikoni. Mtume mkeo au dada yako, aende kwa shemeji bila mkono mtupu, akae na mgonjwa jioni moja ili mwenyeji aende kwao au alale tu.

9. Ukichoka wewe

Utachoka, na zipo siku atakufokea. Usizipunguze siku zako kimyakimya. Mkiwa watatu au wanne gawaneni wiki, kila mtu na siku yake, na mmoja ashike mambo ya hospitali peke yake ili makaratasi yasitawanyike. Ukiwa na safari ya Mombasa au baharini, mwambie mwenyewe kabla hujaondoka na umtajie tarehe ya kurudi. Atakayeshika nafasi yako mje naye mara moja kwanza, umwonyeshe kiti kinawekwa wapi, na vidole viwili vina maana gani.